Jino la Juu

Watu wa mikoa mingine wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wanasema kwa kututania, nasi tunacheka nao, lakini mimi sijawahi kukataa. Babu yangu mzaa baba alishitakiana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba hadi wote wawili wakafa, na sisi wajukuu tukarithi kesi pamoja na migomba. Nimekulia katika nyumba ambayo mtu akiingia na kusema habari za asubuhi, kwanza tunajiuliza anataka nini. Kwa hiyo nilipoamua, mjane wa miaka hamsini na ushei, kuomba kulea mtoto nisiyemzaa na asiye wa ukoo wangu, mtu wa kwanza kunishuku nilikuwa mimi mwenyewe.

Nilikuwa na nyumba mjini Same, upande wa juu wa barabara kuu, na cherehani barazani. Watoto wangu wameshajitegemea, mmoja yuko Arusha na mwingine Dodoma, wananipigia simu Jumapili. Mume wangu tulimzika kwao Vudee. Baada ya mazishi mama yake hakutaka kubaki mlimani peke yake, akateremka nami hadi Same na sanduku lake la bati, na tangu siku hiyo tukawa wajane wawili chini ya paa moja, kila mmoja akimchungulia mwenzake anavyotia sukari kwenye chai. Mama mkwe wangu ni mwanamke mrefu, mkimya, Mluteri wa benchi la mbele, asiyesema uongo hata wa kumfariji mgonjwa. Akimkuta mtu anakufa, anamwambia anakufa. Tulikuwa tumekwisha kugombana kuhusu kila kitu kilichokuwamo ndani ya nyumba, na nadhani nilitaka mtu wa tatu.

Habari za malezi nilizisikia kanisani. Baada ya ibada alisimamishwa afisa ustawi wa jamii, msichana wa kutoka Songea huko, mwenye raba nyeupe ambazo vumbi la Same lilikuwa limeshazitia adabu. Akasema wapo watoto wasio na mtu wa kuwatunza, na anatafuta familia. Wiki iliyofuata tulikusanyika wachache katika ukumbi wa kata, akatuelimisha.

Alisema malezi hayana sura moja. Kuna mtoto anayelelewa na ndugu zake wa damu, shangazi au bibi, na hao ndio wanaotafutwa kwanza siku zote. Kuna mtoto wa dharura, anayepelekwa kwa mlezi wa kuaminika, yaani familia iliyokwisha kuchunguzwa na iko tayari kumpokea leo leo wakati ndugu wanatafutwa. Kuna malezi ya kambo, ya muda mrefu zaidi, ambapo mtoto asiyepata ndugu anakaa kwako chini ya uangalizi wa ustawi. Na mwisho kabisa kuna kuasili, ambapo mahakama inakufanya mzazi wake na hapo hana mwingine.

Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi na masikio yangu ya Kipare nilikuwa nimesikia neno moja tu, mahakama. Nikanyoosha mkono.

"Mimi nikimpokea wa dharura, kisha ndugu wakapatikana baada ya kumzoea?"

"Anarudi kwa ndugu, mama."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa umefanya kazi yako."

Machale yakanicheza. Kazi gani hii ambayo ukiifanya vizuri unanyang'anywa? Nilirudi nyumbani nikiwa nimekata shauri kwamba sitaki, na kesho yake asubuhi nikaenda ofisini kujiandikisha.

Mtaani hawakuniacha. Muuza mkaa wa kona aliniuliza kama natafuta mfanyakazi wa ndani wa bure. Nikamwambia natafuta mtoto mchanga, je, yeye ameona mtoto mchanga akisonga ugali? Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Mwanamke mzima, mjane, biashara yake ya cherehani inakwenda vizuri, anataka mtoto mchanga wa nini? Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata. Hawakusema kitu, na wala sikuwauliza, maana nilijua wanachokifikiria, kwamba natafuta kafara ya biashara. Ningekuwa mimi ningefikiria hivyo hivyo.

Yule afisa alikuja kukagua nyumba. Akatazama choo, akatazama jiko, akataka kujua maji tunayahifadhi wapi. Kisha akamgeukia mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ameketi kwenye mkeka akipukuchua mahindi ya makande.

"Shikamoo bibi. Wewe unaonaje, mtoto akija hapa?"

"Marahaba. Mtoto wa nani?"

"Bado hatujui. Yeyote atakayekuwa na uhitaji."

"Kila mtoto ni wa mtu," alisema mama mkwe. "Akija atakula tunachokula. Kumbeba siahidi."

Nilimpiga jicho lakini hakunitazama. Niliamini tangu saa ile kwamba huyu mama angenihujumu.

Mtoto aliletwa msimu wa upepo, wakati vumbi la Same linaingia hadi kwenye chungu kilichofunikwa. Alikuwa msichana wa miezi michache, mweusi wa kung'aa, mwenye macho ya mtu aliyekwisha kusikia ahadi nyingi. Mama yake alikuwa kibarua aliyepanga chumba pembezoni mwa mji. Aliugua ghafla na kufariki, wapangaji wenzake wakamzika, wakamshika mtoto kwa zamu mpaka wakashindwa. Hakuna aliyejua marehemu ametoka wapi hasa, ila kwamba lafudhi yake ilikuwa ya milimani.

Hilo ndilo lililonikosesha raha. Mlimani kwetu kuku hapotei bila kutafutwa. Mbuzi akichelewa kurudi, ukoo mzima unatoka na tochi. Iweje mtoto mzima, mwenye afya, asiwe na hata mjomba mmoja wa kuja kudai? Niliwaza labda kuna ugonjwa hatujaambiwa. Niliwaza labda kuna laana. Halafu nikajikaripia, kwa sababu mimi nimebatizwa na nimesoma hadi kidato cha nne, kisha nikaendelea kuwaza.

Mama mkwe hakumbeba siku ya kwanza wala ya pili. Siku ya tatu nilitoka kisimani nikamkuta amemweka mapajani na amemfunga kitambaa cheupe kuanzia puani hadi kidevuni.

"Mama, unamziba pumzi!"

"Vumbi," alisema.

Vumbi lilikuwepo kweli, siwezi kubisha. Lakini upepo ulipotulia kitambaa kilibaki. Mtoto akilala, kitambaa. Mgeni akipiga hodi, mama mkwe ambaye hakuahidi kumbeba alikuwa anamnyakua kutoka mikononi mwangu, anamziba na kwenda naye chumbani. Akina mama wa jumuiya walipokuja kutuona aliwaambia mtoto amelala, na huku sisi sote tunamsikia akipiga kelele za furaha ndani. Nilihesabu hilo kuwa nusu ya uongo, na kwake nusu ilikuwa nyingi. Nikajiambia, anamwonea aibu. Hataki watu wa kanisani wamwone mtoto asiye na kwao kwenye mapaja ya mama wa mzee wa usharika, marehemu mume wangu. Mtoto wa mwenzio mkubwa mwenzio, wahenga walisema, na mama mkwe wangu alikuwa ameamua kumficha huyo mkubwa mwenzie kama doa la nguo.

Wageni nao walikuwa na yao. Niligundua polepole kwamba kila mwanamke aliyefanikiwa kumshika mtoto yule alimchezea kwa namna moja. Alimtekenya kidevu, akamchekesha, na akishacheka akamtia kidole mdomoni. "Anaota meno huyu," wanasema, na kidole kinapita kwenye fizi, juu kwanza, halafu chini. Halafu wananitazama na kusema hongera.

Kwa asiyejua, watu wa zamani waliamini mtoto akiota meno ya juu kabla ya yale ya chini analeta mkosi kwa ukoo mzima. Kigego. Huko Mbaga kuna jabali ambalo siku hizi wageni wanapelekwa kulipiga picha, na wazee wanajua watoto wa namna hiyo walipelekwa pale kufanywa nini. Yamekwisha hayo. Tuna zahanati, tuna shule, tuna makanisa mawili kwenye kila kilima. Lakini yaliyokwisha mikononi hayajaisha machoni, na mtoto asiyedaiwa na mtu anatazamwa mdomoni kabla ya kutazamwa popote.

Nilianza kuchukia vidole vya watu. Nilimwambia mke wa muuza mkaa akanawe mikono, naye akaenda kutangaza kwamba najifanya daktari. Na hata hivyo, nikiri tu, kila asubuhi nilipomwogesha nilipitisha kidole changu mwenyewe mahali pale pale.

Nilikuwa nampa uji wa lishe, yeye kwenye beseni kavu tuliloliwekea mito, mimi kwenye kigoda. Kijiko kikagonga kitu. Ni mlio mdogo sana, kila mama anaujua, na kwa watoto wangu wote wawili nilikuwa nimepiga vigelegele. Safari hii niliweka bakuli chini, nikaangalia mlangoni, kisha nikamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Kilikuwa cheupe kama punje ya mchele. Chini hapakuwa na kitu.

Nilipata hofu. Nitasema wazi kwa sababu watu wanaoandika mambo yao hupenda kujifanya mashujaa. Nilipata hofu ya kijinga, ile ya kuogopa kwamba kuku watakufa. Halafu mtoto akanicheka kwa jino lake moja na uji kidevuni, na hofu ikageuka hasira kwa kila mtu aliyewahi kumtia kidole. Huyu ni mtoto wangu, nilisema. Nilisema kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza.

Sikumwambia mama mkwe. Yeye aliyezaliwa na kukulia huko kwenye kitovu cha imani hizo, yeye mwenye kitambaa na aibu zake, angekuwa mtu wa mwisho kuambiwa. Kuanzia hapo nikawa mimi ninayegombea kitambaa. Akikifunga yeye nakaza mimi. Akisahau, jambo ambalo hakulisahau kamwe, namfunga mimi. Tulikuwa tunafunika kombe mwanaharamu apite, wote wawili, na kila mmoja akidhani mwanaharamu ni mwenzake.

Halafu yule afisa akapiga simu.

"Mama, habari njema. Tumempata ndugu. Dada mkubwa wa marehemu, yuko Msangeni. Anakuja kumwona mtoto Alhamisi."

Nikasema asante. Nikakata simu, nikakaa kwenye cherehani na kushona mkono wa gauni kwenye shingo.

Usinielewe vibaya, nilijua sheria. Nilikuwa nimekaa ukumbini na nilikuwa nimeuliza. Lakini tangu lini mtu wa damu yako anapotea miezi yote hiyo, kisha anazuka mtoto akiwa amenenepa? Kwa nini hakuja msibani? Kwa nini anakuja "kumwona", si kumchukua? Nilijua kwa nini. Amesikia minong'ono, anakuja kumwangalia mdomoni. Akikuta ya chini atamchukua kama mtu anayechagua ndizi sokoni, na akikuta ya juu atapata udhuru, gari la jioni, mvua, shamba, na hatutamwona tena. Na hapo ndipo wazo lilipoingia, likakaa, likavua viatu.

Akikuta ya juu, hatutamwona tena.

Hapatakuwa na ndugu. Dharura itageuka malezi ya kambo, malezi ya kambo yatageuka kuasili, na mahakama, ambayo ukoo wangu umeizoea kama ng'ombe alivyoizoea njia ya kurudi zizini, itasema ni wangu. Sikuhitaji kusema neno hata moja. Nilihitaji tu kuacha mdomo wa mtoto wazi.

Asubuhi ya Alhamisi nilimwogesha barazani, nikampaka mafuta, nikamvika gauni la manjano nililomshonea kwa masalio ya kitambaa cha mteja. Nikamketisha kwenye mkeka akitazama geti. Mama mkwe akatoka jikoni.

"Kitambaa kiko wapi?"

"Nimekifua."

"Kimekauka tangu jana. Nimekiona kwenye kamba."

Nikajifanya nakunja taulo.

"Umeliona," alisema.

"Jino gani?"

Hakuna aliyekuwa ametaja jino. Tulitazamana, na nikahisi uso unanipata moto mbele ya mama wa mume wangu kama bibi harusi. Akashuka taratibu, goti moja halafu lingine, akaketi kwenye mkeka kando ya mtoto.

"Mimi nililiona kabla yako," alisema. "Fizi ilivimba juu wiki ya kwanza aliyokuja. Nikajua."

"Ndiyo maana ulimficha. Ulimwonea aibu."

"Nilimwonea aibu?" Alinitazama kama amegundua leo tu kwamba mwanawe alioa mjinga. "Mkamwana, nilikuwa na mdogo wangu. Wa kike. Yalimtoka ya juu. Baba alikuwa amekwisha kubatizwa, akasema hataki damu, basi wakatafuta mwanamke huko Shighatini, si ndugu yetu, akakubali kumlea. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka njia panda. Nyumbani hatukumtaja tena."

"Alikufa?"

"Sijui. Si nimekwambia hatukumtaja?"

Mtoto alikuwa anavuta pindo la kanga yake. Mama mkwe akamwachia avute.

"Huyo mwanamke wa Shighatini alimlea vizuri, nasikia. Lakini huko nako walijua kwa nini amefika. Sasa wewe mwache anayekuja amwone jino, amkimbie. Mtoto utampata, na utampata pamoja na jina. Siku moja mwenzake shuleni atamwambia, wewe uko hapa kwa sababu ndugu zako walikukimbia mdomo. Atakuja kukuuliza, mama ni kweli? Utamjibu nini, wewe uliyeuacha wazi?"

Nilimchukia wakati ule. Nilimchukia kwa sababu hakuna hata sehemu moja ya maneno yale ambayo ningeweza kuikatia rufaa. Nikaenda kwenye kamba, nikachukua kitambaa, nikamfunga mtoto mwenyewe, puani hadi kidevuni, nikaenda jikoni na kulia juu ya makande.

Walifika jua likiwa limepanda, afisa mwenye raba na mwanamke mfupi, mnene, wa umri wa miaka arobaini hivi, aliyebeba maparachichi na mkungu mdogo wa ndizi. Shikamoo zikaenda, marahaba ikarudi. Nikaleta chai ya tangawizi. Mgeni akakishika kikombe kwa mikono miwili na hakukinywa. Nilikiona kikombe kile, na nilimwelewa vizuri sana. Hata mimi nisingekunywa kwake.

Alisema hakuwa na habari za msiba. Mdogo wake aliondoka nyumbani kwa ugomvi, akabadilisha namba ya simu, na wao walidhani yuko Moshi. Alisema akitazama sakafu, na kila mara macho yake yakiinuka yaliangukia kile kitambaa.

"Anaumwa mdomo?" akauliza.

"Vumbi," tulisema wote wawili kwa pamoja. Siku hiyo hata jani halikuwa likitikisika.

Mgeni akaweka kikombe chini.

"Ameanza kuota meno?"

Mama mkwe wangu, wa benchi la mbele, asiyemdanganya hata mgonjwa, akajibu kwa utulivu kabisa:

"Ya chini. Mawili. Nimeyaona kwa macho yangu."

Nilitegemea uso wa mgeni ufunguke. Haukufunguka. Ukakaza. Alimtazama mama mkwe, akanitazama mimi, akatazama mlango kama mtu anayepima atakimbilia wapi.

"Ya chini," alirudia. "Mna uhakika?"

"Nimekwambia nimeyaona."

"Naomba nimshike."

Afisa akaitikia kwa kichwa, kwa hiyo sikuwa na la kusema. Nikampa. Mtoto hakuwa amezoea mikono ile, akajipinda, akavuta kitambaa kikashuka shingoni, akatupa kichwa nyuma na kulia kwa mdomo wote. Jino likaonekana, na pembeni yake la pili lililokuwa linachungulia. Yote ya juu. Chini palikuwa patupu.

Mama mkwe akarusha mkono kuziba mdomo ule. Nami nikarusha wangu. Lakini mkono uliotangulia haukuwa wetu. Yule mwanamke wa Msangeni alikuwa amekwisha kumgandamiza mtoto kifuani, amemfunika uso kwa upande wa kanga yake, na ametupa mgongo, anatutazama sisi kwa juu ya bega kwa macho ya paka mwenye watoto.

"Msimguse," alisema.

Mikono yetu miwili ilikuwa bado iko hewani.

"Jamani, kuna nini?" aliuliza afisa. "Amejiumiza?"

Mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kushusha mkono.

"Wewe ulijua?" alimuuliza mgeni.

"Mama yake aliota hivyo hivyo. Na mimi. Kwetu karibu wote tunaanza na ya juu, na bibi yetu alitufungia ndani wote mpaka ya chini yakatoka. Niliposikia mtoto yuko kwa watu wasiomjua nikahesabu miezi yake. Nilikuja nimtoe hapa kabla hamjayaona. Halafu mnaniambia ya chini! Nikajua mmeshayaona na kuna kitu mnapanga."

"Tulikuwa tunakuficha wewe," nilisema.

"Mimi?"

"Ulipouliza meno tulidhani unataka sababu ya kumwacha."

Akaketi chini kwenye mkeka, na mtoto, na kanga, akaanza kucheka. Alicheka vibaya, machozi yakimtoka. Mama mkwe naye akaanza, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akicheka tangu msiba. Mimi nilichelewa kidogo. Nilikuwa nimeshaelewa kitu ambacho wao hawakuwa na haja ya kukielewa, kwamba ndugu wa namna hii, aliyepanda gari kuja kumwokoa mtoto mikononi mwangu, hakuna sababu duniani ya kumnyima.

"Kwani meno ya juu yana shida gani?" aliuliza yule msichana wa Songea.

"Hayana shida, mwanangu," alijibu mama mkwe akijifuta macho. "Hayana shida yoyote."

Mgeni akachukua kikombe chake. Chai ilikuwa imepoa, akainywa yote.

Haikuwa siku moja. Afisa alitaka mtoto amzoee kwanza, kwa hiyo mama mkubwa yule alikuja tena na tena, akalala kwetu, akajifunza uji unakuwa mzito kiasi gani na wimbo gani unamlaza. Kila alipokuja nilimtafuta kasoro. Nilitafuta kwa bidii, kama wakili. Nilinusa nguo zake kama anakunywa pombe, nilimuuliza mume wake ni mtu wa namna gani, nikauliza swali hilo hilo tena kwa njia nyingine nione kama majibu yatapishana. Hayakupishana. Afisa aliniambia kwamba kama nina pingamizi nina haki ya kulisema. Nikamjibu sina. Watu wa kwetu mlimani hawataamini, lakini hiyo ndiyo kesi pekee niliyowahi kuiacha, na ndiyo pekee niliyotaka kushinda.

Siku ya kuondoka tuliwasindikiza stendi. Mama mkwe alimbeba mtoto mgongoni njia nzima, yeye ambaye kumbeba hakuahidi. Kitambaa cheupe kilikuwa kimefungwa mahali pake. Pale kwenye magari ya Mwanga tulimfungua, nikampa mama mkubwa wake, nikamfunga mgongoni mwake kwa kitenge changu kizuri, nikakaza fundo, nikalikaza tena. Nilihisi kifua kinapasuka na nikasema hivyo, nikasema kifua kinanipasuka, na yule mwanamke akanishika mkono na hakusema pole, jambo ambalo nalishukuru mpaka leo.

Kisha mama mkwe akanyoosha mkono, akamvua mtoto kitambaa. Akakikunja mara mbili na kukitia kifuani mwake.

Mtoto akaona watu, akaona makarai ya machungwa na mabegi na makondakta, akafurahi, akacheka mdomo wazi. Mwanamke aliyekuwa anauza karanga akamtabasamia, akasogea, kisha akaangalia vizuri. Niliona macho yake yakisimama. Nikakunja ngumi ndani ya kanga.

"Ndiyo," mama mkubwa alimwambia kabla hajaulizwa. "Ya juu. Kama mama yake."

Yule muuza karanga akameza alichotaka kusema. Gari likawashwa. Tukasimama mpaka likaingia barabara kuu na kushika njia ya kaskazini, milima ikiwa mkono wake wa kulia, na mimi nikawa naangalia chini ili nisiangalie kitu kingine.

"Gari lile," alisema mama mkwe wangu, "linafika Shighatini?"

Nilimtazama. Alikuwa bado ameielekea barabara, mkono wake umekishika kile kitambaa kifuani.

"Linaishia Mwanga, mama," nilimjibu. "Hapo tutabadilisha."